Kibandiko, pete au sindano kwa daktari wa mtandaoni (Marekani)

Dada, umeuliza kama huko Marekani daktari wa mtandaoni anaweza kukuandikia uzazi wa mpango usio wa vidonge. Anaweza: kibandiko, pete ya ukeni, na sindano ya kujichoma mwenyewe. Kitanzi na kijiti lazima uende kliniki.

Pima presha kabla ya kujaza fomu, kwani maombi mengi hukwama hapo. Ikiwa 140/90 au zaidi, usitegemee kibandiko wala pete, maana vina homoni ya estrojeni. Hali kadhalika ukiwa na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, umewahi kupata damu iliyoganda mshipani, au unavuta sigara na umefikisha miaka 35. Tafadhali usifiche kitu. Daktari hakuoni, na hatari yenyewe ni kiharusi.

Kibandiko cha Xulane hakifai kwa mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 30 na kuendelea. Usipake losheni unapobandika, kitabanduka.

Sindano haina estrojeni. Kwenye fomu taja wazi ile ya chini ya ngozi, miligramu 104. Ya miligramu 150 ni ya msuli, na duka la dawa likikupa hiyo utalazimika kutafuta muuguzi. Tikisa kwa nguvu dakika 1 nzima, choma tumboni au pajani, sukuma dawa taratibu kwa sekunde 5 hadi 7, usisugue. Usipoanza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, tumia kondomu siku 7. Rudia kila wiki 12 hadi 14, na agiza nyingine wiki ya 10, kwani maduka mengi huisubiri kutoka ghalani.