Maswali yenu: kabati la bibi, vitambaa vya mama na huo msasa mnaoupenda kupita kiasi

Haya jamani, wiki hii maswali yamekuja mengi na karibu nusu yake yanaanza na "nataka kupiga msasa", yaani msasa umekuwa kama panadol, kichwa kikiuma kidogo tu mtu anaukimbilia. Twende.

Shikamoo anti. Nimerithi kabati la bibi, nadhani ni mninga, limekuwa jeusi halafu linanata. Fundi anasema alipige msasa lote apulize vanishi mpya. Bajeti yangu ndogo. Niko Kimara.

Marahaba mwanangu. Mwambie fundi anywe chai kwanza. Huo weusi unaonata mara nyingi wala sio mbao, ni moshi wa jiko, mafuta ya mikono na polishi iliyopakwa juu ya polishi miaka na miaka. Chukua maji ya uvuguvugu, tia matone machache ya sabuni ya vyombo, loweka fulana ya zamani uikamue mpaka isichuruzike, futa kipande kidogo upande wa ndani wa mlango na ukaushe hapo hapo. Fulana ikitoka nyeusi na mbao ikaanza kung'aa nyekundu, basi kazi yako ni kuosha, sio kukwangua, na gharama yake ni sabuni.

Likishatakata ndo ujue limepakwa nini. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana. Pakilainika na kunata, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani inayotokana na utomvu wa wadudu, ilikuwa inatoka sana India, na raha yake ni kwamba unaifufua kwa spiriti hiyo hiyo na kitambaa laini, unapitisha harakaharaka bila kusimama. Spiriti ikigoma jaribu tina (thinner), ikiyeyuka ni laka, ile ya kupuliza inayokauka haraka. Vyote vikigoma hiyo ni vanishi ngumu ya kisasa na hapo sawa, msasa una kazi, anza na namba 120 malizia na 220, na ufuate mkondo wa mbao, usizungushe kama unasugua sufuria. Ila angalia ukingo wa mlango kwanza, ukiona ganda jembamba la mbao limebandikwa juu ya mbao nyingine hiyo ni vinia, mara nyingi haifiki hata milimita moja na mashine ya fundi inaitoboa kabla hajamaliza kukusimulia habari za Yanga. Na kama kuna rangi ya zamani juu yake, usiikwangue kavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, lowesha msasa, watoto wakae mbali.

Kingine, usipulize laka kipindi cha masika. Mi niliwahi kumpa fundi meza yangu mwezi wa 4, mvua inanyesha kweli kweli, nina haraka ya sikukuu, akaipuliza chini ya turubai, kesho yake meza nzima ina utando mweupe kama imemwagiwa maziwa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, laka inakauka haraka na unyevu unanasa humo ndani. Nilikasirika kwa fundi ila haraka ilikuwa yangu.

Kikombe cha chai kimeacha duara jeupe kwenye meza ya mbao. Linatoka? Sinza.

Jeupe linatoka, ni unyevu umenasa kwenye polishi tu. Tandika kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, sekunde chache, nyanyua uangalie, rudia. Lingekuwa jeusi ningekwambia lingine maana hapo maji yameshapenya hadi kwenye mbao yenyewe.

Dada, mama yangu (marehemu) aliniachia vitambaa vya makochi alivyofuma kwa kroshia na mashuka meupe ya kudarizi. Vimekuwa njano na vingine vina kutu. Nimetia jiki, kutu ndo imezidi. Temeke.

Pole sana mdogo wangu, na mama apumzike kwa amani. Jiki ndo iliyokoleza hiyo kutu, jiki na kutu haviivi kabisa. Suuza jiki yote itoke, maji matatu manne mpaka harufu iishe, na hapa nakuomba usifanye haraka kwa sababu hatua inayofuata ni ndimu, na jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, unaweza kukohoa mpaka ukalazwa. Ikishaisha kabisa, kamulia ndimu kwenye doa, nyunyiza chumvi, anika juani kama saa moja huku unaongeza maji ya ndimu yasikauke, suuza. Doa lisipotoka mara ya kwanza litafifia, rudia kesho.

Ule unjano ni jasho na mafuta ya zamani yaliyokaa kwenye uzi. Loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga usiku kucha, asubuhi utakuta maji yamekuwa chai ya rangi, mwaga, weka mengine. Usisugue wala usikamue kwa kusokota, uzi wa zamani unakatika, bonyeza tu. Kama kuna uzi mwekundu au wa bluu wa kudarizi, ubonyeze kwanza na kitambaa cheupe kibichi uone kama unachuja rangi. Vya kroshia vianike bapa juu ya taulo, ukivitundika vibichi kwenye kamba vinavutika na umbo la mama linapotea. Jua la Dar lenyewe ni dawa ya weupe, ya bure.

Kutia wanga tia siku ya kutandika, ila kabla ya kuhifadhi ufue utoke, mende wanaupenda. Hifadhi ndani ya foronya ya pamba, sio kwenye zile rambo zilizopigwa marufuku Juni 2019 ambazo najua bado mmezificha chini ya godoro, nailoni inafungia unyevu na kawa inaanza hapo. Kila baada ya miezi kadhaa kunja upya kwa mkunjo mwingine, kitambaa kinachanika pale pale kilipokunjwa siku zote.

Kiti kinacheza, nipige msumari? Mbagala.

Hapana! Msumari unapasua ulimi wa mbao na kiti kitacheza tena mwezi ujao. Kichomoe mguu, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone mbao (gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu), paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha, halafu uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu. Hiyo ndo klampu yetu. Acha siku nzima bila mtu kukalia.

Naona vitundu vidogo kwenye kitanda cha zamani. Ni vya zamani au wadudu bado wapo? Ilala.

Tandika gazeti jeusijeusi au kanga ya giza chini, subiri wiki. Ukikuta unga mpya wako kazini. Ingiza dawa ya mbao kwa sindano kwenye tundu moja moja, godoro likae mbali mpaka ikauke na harufu iishe, halafu ziba vitundu kwa nta ili ukiona kipya ujue ni kipya.

Droo zinakwama kila mvua zikianza.

Mbao imevimba, usiirande sasa hivi, kiangazi italegea na utajuta. Sugua mshumaa kwenye njia zake.

Anti, naenda kuangalia kochi la mtumba, niangalie nini? Tabata.

Ulinyanyue, fremu ya mbao ngumu ni nzito na hailii. Ligeuze chini juu. Halafu washa tochi ya simu upite kwenye mishono na chini ya sponji, ukiona vidoti vyeusi vimejipanga hao ni kunguni, na hapo hata akikwambia chukua bure, muage kwa adabu uondoke.