Kama kani mbili zinalingana, mbona gari linakwenda?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni dereva wa Fuso, nabeba viazi kutoka Umalila kwenda Mbeya mjini, na mara mojamoja hadi Dar es Salaam. Binti yangu wa kidato cha pili kaniambia kila kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ina kani ya kuijibu, yenye ukubwa uleule na upande wa kinyume. Nikamuuliza: kama zinalingana si zingefutana, gari likabaki palepale? Akakosa jibu. Tena juzi nilikwama mlimani bila mzigo, matairi ya nyuma yakizunguka bure kwenye tope. Wapakiaji wakapanda nyuma ya bodi, gari likatoka. Uzito ukiongezwa, gari linapandaje mlima?

JIBU: Ndugu dereva, binti yako yuko sahihi, na wewe umeuliza swali ambalo kila anayesoma kanuni hii angepaswa kuliuliza. Mwanasayansi Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687, na hadi leo wengi wanaikariri bila kujiuliza kila kani inasukuma kitu gani.

Kani mbili hufutana pale tu zinapoangukia kitu kimoja. Hizi haziko hivyo. Injini inazungusha tairi, tairi linaisukuma ardhi kwenda nyuma. Papo hapo ardhi inalisukuma tairi kwenda mbele kwa nguvu ileile. Ya kwanza imeiangukia ardhi, ya pili imeliangukia gari lako. Hiyo ya pili ndiyo inayokufikisha mjini. Utingo akiwa ndani ya kebini anaweza kuisukuma dashibodi mpaka jasho limtoke, gari lisisogee: anavyoisukuma dashibodi mbele ndivyo mgongo wake unavyosukuma kiti nyuma, na vyote viwili ni vya gari hilohilo. Ashuke, akanyage ardhi, ndipo atasaidia.

Ardhi nayo inasukumwa kweli, ila dunia ni nzito mno kuonyesha lolote. Pale Matema, ziwani Nyasa, jambo hili linaonekana kwa macho: mtu akiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni, mtumbwi unarudi ziwani. Mtumbwi ukiwa na uzito mara mbili ya ule wa mtu huyo, utarudi kwa nusu ya kasi yake, tukiacha ukinzani wa maji. Kani ni sawa, mwendo si sawa.

Sasa tope. Ardhi inaweza kulijibu tairi kwa kadiri ya msuguano uliopo tu, na msuguano unategemea mambo mawili: hali ya njia, na uzito unaoyakandamiza matairi yanayoendeshwa na injini. Lami kavu inaweza kutoa kani inayofikia kama asilimia 70 ya uzito huo. Tope linaweza kushuka hadi 20 au chini yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Lori tupu la tani 5, nusu ya uzito ikiwa juu ya matairi ya nyuma. Kwenye tope la asilimia 20, ardhi inaweza kulisukuma mbele kwa newton 5,000 hivi (newton ni kipimo cha kani; kilo moja ina uzito wa newton 10 hivi). Mlima unaopanda mita 1 kila mita 10 unalivuta nyuma kwa newton 5,000 hizohizo. Umekwama, na ukikanyaga mafuta unachimba shimo tu. Wakipanda vijana 8 wa kilo 60 nyuma kabisa, mlima sasa unadai kama 5,500, lakini matairi ya nyuma yamepata karibu tani 3, kwa hiyo ardhi inaweza kutoa 6,000. Gari linatoka. Wangepanda mbele kwenye kebini, wangekuongezea mzigo bila kukusaidia.

Hata hivyo nakuomba sana usiwapandishe watu tena. Lori linaloteleza mlimani linaweza kurudi nyuma au kulala ubavu, na wao hawana pa kushika. Msimu wa mvua tembea na magunia ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, na minyororo ya matairi.

Mwambie binti jambo moja la mtihani: uzito wa gunia na kani ya sakafu ya bodi inayolibeba si jozi ya Newton, yaani kani na jibu lake, kwani zote mbili zimeliangukia gunia. Dunia inalivuta gunia chini, na gunia linaivuta dunia juu. Hiyo ndiyo jozi.

Safari zako za Dar es Salaam zinakupitisha mteremko wa Kitonga. Unaposhuka na gia namba mbili au ukikanyaga breki, jozi ni ileile ila imegeuka: tairi linaisukuma barabara mbele, barabara inalisukuma gari nyuma. Breki mpya kabisa haiwezi kukusimamisha kwa kani kubwa kuliko ile ambayo lami inaweza kuitoa, na lami iliyolowa inatoa kidogo zaidi. Kwa hiyo mvua ikinyesha ingia gia hiyo kabla mteremko haujaanza, na aliye mbele yako mwachie nafasi mara mbili ya ile ya kiangazi.