Kujitolea Dawati la Jinsia, Masasi

Dada, umeuliza kama asiye askari anaweza kujitolea kituoni kuwasindikiza waliopigwa au kubakwa. Usianzie kaunta. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akutambulishe Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi linalopokea kesi za ukatili. Kuhoji waachie askari. Wewe unakaa na mama wa watu, unamwambia asioge wala kufua zile nguo kabla ya kupimwa, mnachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, mnakwenda hospitali upesi, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Ukijua Kimakonde au Kiyao utafaa sana, wengine Kiswahili huwapotea wakilia. Na ya kituoni usiyapeleke kisimani, Masasi yetu ndogo hii! Akiwa mtoto, namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bure.