Kura 312 kati ya milioni 2.9: maswali yenu kuhusu kiti cha Seneti cha Minnesota

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari miwili tu uchaguzi wa Seneti wa Minnesota, Marekani, wa Novemba 4, 2008. Al Franken wa chama cha Democratic alimwangusha Norm Coleman wa Republican, aliyekuwa akitetea kiti chake, kwa kura 312. Barua zilizokuja baada ya hapo zimetulazimu kurudi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jimbo". Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kule jimbo lina gavana, bunge na sheria zake za uchaguzi, na kila jimbo hupeleka maseneta wawili Washington. Kwa hiyo kiti tunachokizungumzia kilipigiwa kura na Minnesota nzima, vituo zaidi ya 4,000. Ukizigawa kura 312 kwa vituo hivyo, ni kura moja kwa kila vituo 13.

Nimesoma kwamba asubuhi ya pili Coleman alikuwa mbele kwa kura zaidi ya 700. Imekuwaje mtu aliyeongoza akaja kushindwa? Kwetu tungesema wazi kuwa kura zimepikwa.
*Msomaji, Mwanza*

Ndugu yetu, matokeo ya usiku ule hayakuwa matokeo rasmi. Ni tarakimu zilizosomwa kwa simu au kuingizwa kwenye kompyuta na watu walioamka alfajiri na kufanya kazi hadi saa sita usiku. Kosa la kawaida ni kuruka tarakimu: katika kituo kimoja cha kaunti ya Pine, kura 129 za Franken ziliingizwa kama 29. Makosa ya namna hii hunaswa kaunti zinapolinganisha fomu na karatasi iliyochapwa na mashine ya kituo. Hayo yalipofanyika, uongozi wa Coleman ukashuka hadi kura 215, na hiyo ndiyo tarakimu iliyopokewa Novemba 18 na bodi ya jimbo, yaani bodi inayothibitisha matokeo.

Baada ya hapo fuatilia mwenyewe. Kuhesabu upya kwa mkono na kuamua kura zenye ubishi kulimweka Franken mbele kwa 49. Kisha zikafunguliwa bahasha 933 za wapiga kura wa posta zilizokuwa zimekataliwa kimakosa: Franken 481, Coleman 305, zilizobaki za wengine. Tofauti ya hizo ni 176. Ukijumlisha na 49 unapata 225. Mahakama nayo ikaagiza kura nyingine 351 zihesabiwe: Franken 198, Coleman 111. Ongeza 87 juu ya 225, unapata 312.

Kila hatua ina karatasi yake na mawakala wa pande zote wakiwa mezani. Anayedai zilipikwa inabidi aonyeshe ni katika hatua ipi. Katika kesi iliyofuata, upande wa Coleman wenyewe haukudai wizi. Walidai sheria haikutumika sawasawa, na hilo ni dai lingine kabisa.

Kuhesabu kwa mkono kura karibu milioni tatu kunafanyikaje bila watu kuchanganyikiwa?
*Wakala wa chama, Nakuru*

Kunagawanywa. Sheria ya Minnesota wakati huo ilitaka kura zihesabiwe upya kwa gharama ya serikali iwapo tofauti iko chini ya nusu ya asilimia. (Siku hizi kwa kiti cha namna hii ni robo ya asilimia.) Kazi ilianza Novemba 19 na ikamalizika mapema Desemba, kila kaunti au mji kwa nafasi yake, kituo kimoja baada ya kingine.

Mezani anakaa afisa mmoja, na kila mgombea ana wakala wake. Afisa pekee ndiye anayegusa kura. Wakala akinyoosha mkono kwenye karatasi anaonywa, akirudia anatolewa. Afisa anafungua boksi la kituo na kuzipanga kura katika mafungu matatu: Coleman, Franken, na nyingine zote. Fungu hili la tatu si dogo, kwani Dean Barkley wa chama cha Independence alipata kura 437,505, na hapo hujaweka watu walioacha nafasi ya seneta wazi. Baada ya kupanga, anahesabu kwa vifurushi vya kura 25.

Wakala asiporidhika na jinsi kura ilivyopangwa anaipinga palepale, kabla fungu halijahesabiwa. Kura hiyo inawekwa kando, na nyuma yake panaandikwa kituo, namba, upande uliopinga na sababu. Haihesabiwi kwa yeyote mpaka bodi ya jimbo iitazame.

Hapo ndipo mambo yaliharibika kidogo. Mawakala walipoona upande wa pili unapinga sana, nao wakaanza kupinga, ili ile tarakimu ya kila jioni isionyeshe mgombea wao akiteleza. Kura zenye ubishi zikapita 6,000. Nyingi zilikuwa hazina ubishi wowote, duara limejazwa vizuri na hakuna alama nyingine, na kampeni zote mbili zikaja kuziondoa kwa maelfu. Kwa wakala yeyote anayesoma hapa: pinga kura unayoweza kuitetea kwa kifungu cha sheria. Zile nyingine zinakula muda tu, tena zinaficha zile chache zenye hoja.

Kama mashine zilishahesabu, mkono unaongeza nini?
*Msomaji, Morogoro*

Mashine inasoma duara lililojazwa. Mtu akizungusha jina la mgombea, akiweka alama ya vema pembeni au kupigia mstari, mashine inaona nafasi tupu. Binadamu anaona alichotaka mpiga kura, na sheria ya Minnesota inasema kura ihesabiwe pale nia inapoonekana.

Nia lakini ina mipaka yake, na bodi ilikaa siku kadhaa katikati ya Desemba ikiipima kura moja moja mbele ya kamera. Walikuwa watu watano: Waziri wa Jimbo (msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo) Mark Ritchie na majaji wanne. Duara mbili zimejazwa, moja ikafutwa kwa msalaba: inahesabiwa ile isiyofutwa. Duara mbili zimejazwa sawasawa: hakuna anayepata. Mpiga kura ameandika jina lake au kutia saini ili ajulikane: kura nzima inatupwa, kwa sababu kura inayotambulika ni kura inayoweza kununuliwa. Doa la wino au nukta ya kalamu iliyopumzika haihesabiwi kuwa alama ya kujitambulisha.

Kura iliyopata umaarufu ilitoka kaunti ya Beltrami. Mpiga kura alijaza duara la Franken, kisha kwenye nafasi ya kuandika jina lisilochapwa akaandika maneno yenye maana ya "Watu Mijusi". Wakili wa Franken akasema Watu Mijusi si mtu, kwa hiyo hapo kuna kura moja tu. Bodi ikaona ni kura mbili kwa kiti kimoja, ikaikataa. Tunakubaliana na bodi: ukianza kupima kama jina lililoandikwa ni la mtu wa kweli, hutamaliza.

Bahasha za posta zilikataliwa kwa nini hasa?
*Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam*

Hapa ndipo ushindi ulipokuwa. Wapiga kura wa posta mwaka ule walikuwa karibu 300,000, na bahasha kama 12,000 hazikufunguliwa kabisa. Sheria ilitoa vigezo vinne vya kupokea bahasha: jina na anwani zilingane na fomu ya maombi, saini iwe ya kweli na kiapo kijazwe inavyotakiwa, mpiga kura awe ameandikishwa, na asiwe amekwishapiga kura. Ikikosa kimoja, inabaki imefungwa.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kazini je? Kuna kaunti zilizokagua kama shahidi aliyetia saini naye ni mpiga kura aliyeandikishwa, nyingine hazikukagua. Kuna mahali karani alifananisha saini kwa jicho, akakataa ya mzee ambaye mkono umeanza kutetemeka. Nyingine zilikataliwa bila kosa lolote la mpiga kura: karani alikosea kusoma, au bahasha iliwekwa kwenye rundo lisilo lake. Desemba, kaunti zikaambiwa zipange bahasha zilizokataliwa katika mafungu matano, manne kwa vigezo vya sheria na la tano kwa zile zisizo na sababu. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaruhusu fungu la tano lifunguliwe, kwa sharti kwamba maafisa na kampeni zote mbili wakubaliane kwa kila bahasha. Hizo ndizo 933, na zilihesabiwa Januari 3, 2009.

Kambi ya Franken ilizitafuta bahasha hizi mapema, ikiwa bado nyuma. Kambi ya Coleman ilizipinga ilipokuwa mbele, ikaja kuzililia ilipobaki nyuma, na wakati huo mahakama ilitaka ushahidi wa kila bahasha moja moja.

Ni kweli kura 133 zilipotea Minneapolis?
*Msomaji, Tanga*

Kweli. Bahasha moja ya kura za kituo kimoja cha karibu na chuo kikuu haikupatikana wakati wa kuhesabu upya, na msako haukuzaa kitu. Bodi ikatumia hesabu ya mashine ya usiku wa uchaguzi. Kama ingezifuta, Franken angepoteza kura 46 dhidi ya Coleman.

Hapa Kenya kesi ya ubunge ina muda wake. Kule iliendaje mpaka kiti kikakaa wazi nusu mwaka?
*Msomaji, Mombasa*

Kwenu, malalamiko yanafunguliwa ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe, na Mahakama Kuu ina miezi 6 ya kuamua. Rufaa ina miezi yake 6. Minnesota dirisha ni siku 7. Bodi ilimtangaza Franken Januari 5, Coleman akafungua kesi Januari 6.

Majaji watatu waliisikiliza kuanzia Januari 26, wakatoa hukumu Aprili 13. Rufaa ikaenda Mahakama ya Juu ya jimbo, ambako majaji wawili walijitoa kwa sababu walikuwa wamekaa kwenye ile bodi. Watano waliobaki wakaamua kwa kauli moja Juni 30: matakwa ya sheria kuhusu kura ya posta yafuatwe kama yalivyoandikwa, na tofauti za kaunti na kaunti hazikuthibitishwa kuwa ubaguzi wa makusudi. Coleman akakubali siku hiyohiyo. Franken aliapishwa Julai 7.

Kiti kilikaa wazi kwa sababu sheria ya jimbo hilo hairuhusu cheti cha ushindi kutolewa kesi ikiwa mahakamani. Muda wote huo Minnesota ilikuwa na seneta mmoja tu, Amy Klobuchar. Na haikuwa subira ya bure: Franken alipoingia, upande wa Democratic ulitimiza kura 60, idadi inayotakiwa kufunga mjadala Seneti. Muswada wa bima ya afya ulipita huko Desemba 24, 2009 kwa kura 60 dhidi ya 39. Aliyeshindwa naye aliamriwa alipe takriban dola 95,000 za gharama za kesi.

Kwa mawakala wa Kenya, msisahau mlichonacho kabla ya kufika mahakamani. Kanuni zinamruhusu mgombea au wakala aliyepo kituoni kuomba kura zihesabiwe upya palepale, isizidi mara mbili. Omba kabla hujasaini Fomu 35A (fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo), na usiondoke bila nakala yako.

Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani, naishi Brooklyn Park. Nafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo nitapiga kura kwa posta. Nifanye nini isije ikakataliwa?
*Msomaji, Minnesota*

Hongera kwa uraia, dada. Wenzako wenye kadi ya ukaazi tu wasijaribu kupiga kura. Ni kosa linaloweza kuwafukuzisha nchini.

Baada ya 2008 Minnesota ilirekebisha sheria. Kinachoangaliwa sana sasa ni namba ya kitambulisho: namba ya leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, au tarakimu 4 za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii). Uliyoandika kwenye fomu ya maombi ndiyo uiandike kwenye bahasha ya saini. Piga picha fomu ya maombi kabla hujaituma, maana wiki tatu baadaye hutakumbuka uliandika ipi.

Pakiti ikifika usijaze kura peke yako usiku. Mwonyeshe shahidi karatasi ikiwa tupu, kisha ujaze asipoona ulichochagua. Masharti ya nani anafaa kuwa shahidi yako kwenye maelekezo yaliyomo. Yasome ya mwaka huo, maana hubadilika. Kura iingie kwenye bahasha ya siri, hiyo iingie kwenye bahasha ya saini, nayo iingie kwenye bahasha ya posta. Tia saini mwenyewe, naye shahidi aandike anwani yake kamili.

Lazima ifike kabla ya siku ya uchaguzi au siku hiyohiyo. Mhuri wa posta wa siku hiyo haukusaidii. Ifuatilie kwenye tovuti ya ofisi ya Waziri wa Jimbo. Ikikataliwa zaidi ya siku 5 kabla ya uchaguzi, wanatakiwa kukutumia nyingine. Ndani ya siku 5 hizo watajaribu kukupata kwa simu au barua pepe, kwa hiyo kwenye fomu weka namba unayoipokea hata ukiwa umelala mchana.