Kibofu baada ya kuumia uti wa mgongo: maswali yenu

Najitoa mkojo kwa mpira (katheta, mrija mwembamba wa kutolea mkojo) mara nne kwa siku, lakini katikati nalowa. Nimeandikiwa oksibutinini. Ya nini tena?

Mpira hutoa mkojo tu. Hauzuii kibofu kujikamua kabla ya saa yake. Uti wa mgongo ukiumia, amri za ubongo hukatika njiani. Kwa wengi kibofu huanza kujibana chenyewe, tena mlango wake ukiwa umefungwa. Kulowa kunakuudhi wewe. Mimi naogopa shinikizo la ndani, maana huharibu figo bila kuuma. Oksibutinini, kama tolterodini na solifenasini, hulegeza msuli wa kibofu kiweze kuhifadhi. Sasa angalia: kibofu kilicholegezwa hakijimalizi. Ukiona umekauka ukaacha mpira, umejichimbia shimo. Na ukitoa zaidi ya mililita 500 kwa mkupuo, umechelewa.

Mdomo umekauka hadi ulimi unanata. Niache dawa?

Usiache kimyakimya. Dozi inaweza kupunguzwa, au ukapewa mirabegroni, ambayo haikaushi mdomo kiasi hicho, ila presha ipimwe. Mimi ningekuuliza kwanza kuhusu choo, jambo ambalo watu hulificha. Utumbo wako tayari ni mzito. Dawa hizi huufanya mzito zaidi, na utumbo uliojaa hukibana kibofu.

Sindano ya kibofu ikoje?

Ni botulinamu, dawa inayolegeza msuli wa kibofu. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kuchoma ukuta wa kibofu sehemu 30 hivi, jumla yuniti 200. Marekani iliidhinisha matumizi haya mwaka 2011, kwa wale ambao vidonge vimewashinda. Nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa, kisha hurudiwa. Kama bado unakojoa mwenyewe, jifunze mpira kabla ya sindano, huenda ukauhitaji.

Kipimo kimeonyesha bakteria, lakini sijisikii vibaya. Ninywe antibayotiki?

Kwa kawaida, hapana. Kwa mtumia mpira, bakteria ni wapangaji wa kudumu. Homa, kuvuja kupya au misuli kukakamaa kuliko kawaida, hapo ndipo tunatibu.

Niliumia shingo. Kibofu kikijaa kichwa hugonga na uso hutoka jasho.

Hilo halisubiri kliniki. Kwa walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, presha inaweza kuruka ghafla. Kaa wima, legeza nguo, toa mkojo papo hapo. Kama mpira unakaa ndani, tazama usiwe umejikunja. Kichwa kisipotulia baada ya dakika chache, kimbilia hospitali.