Viza imekataliwa, mikono bado unayo

Dada yangu, wasema viza ya Qatar imekataliwa, cherehani ushauza ili upate nauli, na sasa waona haya hata kutoka nje hapo Likoni. Pole sana. Lia kwanza, usijilazimishe kushukuru leo.

Mimi pia safari ilinivunjikia, nikarudi kukaanga mahamri na mamangu. Nilinuna wiki nzima. Walionifungua macho ni wavuvi wa Mji wa Kale: upepo wa kusi ukivuma na bahari kuchafuka, hukaa kivulini wakashona nyavu.

Wewe ni fundi wa madira, na ufundi hukuuza. Nauli si ungali nayo? Nunua cherehani nyingine, hata kuukuu, kabla pesa hazijaliwa na matumizi ya nyumba. Kisha wapigie wateja wako wa Idi. Anza na yule anayekudai dira.