Kabla hujanunua filta ya inveta, kagua kebo na ethi

Mota inayoendeshwa na inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ikizimwa, sensa ya presha inatulia. Ikiwashwa tu, namba zinaanza kurukaruka. Hapo mafundi wengi hukimbilia kununua filta ya kuchuja kelele za umeme. Mimi naanza na kebo ya mota na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), maana paneli nyingi nilizoitwa kuzikagua zilikuwa na filta ya bei kubwa tayari, na namba bado zinaruka.

Inveta haitoi umeme laini. Inakata na kuunganisha volti maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unavujisha mkondo kidogo kutoka kwenye nyaya za mota kuingia ethi. Mkondo huo lazima urudi kwenye inveta. Usipoupa njia fupi utajitafutia yake: bomba, fremu ya mashine, au waya wa sensa yako.

Njia fupi ni kebo yenye wavu wa shaba, uliofungwa ncha zote mbili, kwenye mota na kwenye inveta. Kazi nyingi zinaharibikia kwenye ufungaji. Fundi anausokota wavu uwe mkia, kisha anauvuta kwa waya mwembamba hadi kwenye baa ya ethi. Kwa masafa ya juu, yaani umeme unaobadilika mara nyingi sana kwa sekunde, mkia wa sentimita chache tu ni kizuizi tosha. Menya ganda la nje, wavu ubaki wazi mzunguko mzima, uubane kwa klampu ya chuma juu ya bati la paneli lililokwanguliwa rangi mpaka likang'aa. Na mita ya kupimia umeme isikudanganye: hata ule mkia itausoma karibu omu sifuri, kwa sababu inapima kwa umeme wa betri, si kwa masafa ya inveta.

Nyaya za sensa zisilale trei moja na kebo ya mota. Mimi huacha angalau sentimita 30, na zikilazimika kupishana, zipishane kwa digrii 90. Kama sensa bado hujanunua, chukua ya miliampea 4 hadi 20, uachane na ya volti 0 hadi 10. Ya mkondo inavumilia zaidi.

Kuna dawa ya bure pia: punguza masafa ya kukatia kwenye mipangilio ya inveta, tuseme kutoka kilohezi 12 hadi 4. Mota italia kwa sauti zaidi (anayekaa karibu nayo atakununia), lakini sensa itapumua.

Kama baada ya hayo yote bado unahitaji filta, ifunge upande wa kuingizia umeme, karibu na inveta, mgongo wake ukigusa bati tupu. Ujue inavujisha mkondo kwenye ethi, hivyo kikata umeme cha mvujo kinaweza kuanza kujizima. Upande wa mota usiweke kapasita za kurekebisha pawafakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na unaovutwa) kamwe. Zinaweza kuiua inveta. Na kabla ya kufungua kifuniko, zima umeme, subiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo, kisha pima: kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kuua.